Nguzo ya Mia na Tatu

Macho hayana pazia, wasema wenyewe.
Yangu yanalo. Nililiona jana,
kwenye njia ya umeme itokayo Mudhaibi kwenda Sinaw,
saa nne asubuhi, bonet tayari haishikiki.

Hamdun anarusha droni. Mimi natazama.
Ndiyo kazi: yeye mikono, mimi macho.
Tumekaa nyuma ya pikapu, kioo tumekifunika
kwa boksi la tende lililokatwa upande mmoja,
nami kichwa nimekitia ndani
kama mtoto achunguliaye kisima.

Vikombe vya kauri, kumi na vinne kila mkufu.
Kizima, kizima, kizima.
Nguzo ya kwanza niliisoma kama barua ya mchumba.
Ya arubaini, kama barua ya benki.
Kufika ya tisini sikuwa nasoma tena,
midomo ilikwenda yenyewe
kama ya mtu anayesali na moyo uko sokoni.

Halafu zile tarakimu pembeni:
betri, asilimia thelathini na moja. Thelathini.
Upepo. Kimo. Satelaiti kumi na tisa.
Nikawa nazitazama hizo, kwa kuwa zinabadilika,
na jicho, masikini, hupenda kinachocheza.

"Umeona kitu?"
"Sijaona."
Wala sikusema uongo.

Usiku, ofisini Ibra, Bi Ghaniya akairudisha picha,
akaisimamisha, akanionesha kwa ncha ya kalamu:
nguzo ya mia na tatu, kikombe cha sita,
ufa mwembamba kama unywele ndani ya maziwa.
Ulikuwa katikati ya kioo. Katikati kabisa.
Sekunde nne nimekaa nao uso kwa uso.

Nyumbani nikamkuta mama, na mtoto wake wa jicho,
anachambua mchele.
Kila baada ya viganja vitatu
anainua uso, anautazama ukuta mtupu,
kisha anarudi siniani.
"Unatafuta nini ukutani?"
"Sitafuti. Nayaosha macho.
Ukikodoa sana, mawe nayo yanageuka mchele."

Leo nimemwambia Hamdun: kila nguzo ya kumi, tua.
Kanuna. Ratiba, jua, meneja.
Katua.
Nikatoa kichwa boksini,
nikalitazama jangwa, halina cha kuhesabu,
mpaka likanichosha kwa uchovu wa namna nyingine.
Ndipo nikarudi ndani,
kwenye kikombe cha kwanza,
na nikaona kina kinyesi cha njiwa.