Majina ya Mwishoni

Ukishuka Gulwe uliza banda la Ndahani,
mabati matupu, nyuma ya stesheni.
Mkubwa mia tatu. Mtoto mia,
au yai moja, lisiwe viza.

Ndahani haonyeshi ngumi, haonyeshi harusi.
Anaonyesha Wakorea wakipatwa na maafa.
"Hawa," husema, akifuta flashi kwa pindo la shati,
"hata kufa kwao kuna mpangilio."

Anza na ile ya wimbi.
Njoo Oktoba, pampu ya kijiji ikikohoa upepo,
ukae benchi la mbele na midomo yako iliyopasuka,
uone bahari ikisimama wima kama ukuta wa ghala,
ikameza daraja, magari, hoteli pamoja na taa zake.
Bibi Nyemo ameiona mara saba, na mara zote saba
ameuliza: "Maji yote yale,
na hakuna aliyetoka na ndoo?"

Halafu ile ya lifti.
Mtu kafukiwa, ghorofa tisa juu ya utosi wake,
ana mfuko wa machenza na simu.
Siku ya sita simu bado inashika!
Hapo banda zima hupiga kelele,
"Mtandao gani huo? Tuuziwe laini!"
maana sisi ili useme halo
sharti upande kichuguu.

Na ile ya moshi wa kiwanda, usiikose,
kwa ajili ya yule bosi mwenye tai
anayesubiri maelekezo kutoka juu
huku moshi unatoka chini.
Hapo Lechipya huweka kipaza sauti magotini.
Hakuna haja ya mkalimani.

Lechipya hajui Kikorea hata cha salamu.
Huwatilia Kiswahili midomoni,
akizidiwa huchomeka Kigogo,
na mkuu wa zimamoto wa Seoul
huwalilia mababu zake kama mtu wa Msagali.

Majengo kuanguka nimeyazoea.
Ninazipendea yale ya kabla:
mama anamgombeza mwanawe juu ya soksi,
mwana anaondoka bila kuaga, amenuna,
mtu anapuliza tambi za moto, zinamchoma ulimi.
Wanakupa muda wa kuwazoea.
Ndipo ardhi inafunguka.

Sisi hatukupewa muda.
Januari ile mto Kinyasungwe ulikuja usiku,
ukabeba tuta, ukaiacha reli inaning'inia
kama kamba ya kuanikia nguo.
Kaka yangu Chilewa, mtu wa gengi,
alitoka na taa kwenda kutazama kalavati.
Nilisikia mlango. Nikageukia ukutani.
Sikumgombeza hata juu ya soksi.

Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.
Nilipanda kichuguu. Haipatikani.
Tena na tena, yule dada kwenye simu, mpole vile vile.

Mama huuza karanga mlangoni kwa Ndahani.
Picha ikiisha watu hukung'uta vumbi, huondoka,
yeye ndiyo kwanza huingia,
akasimama na sinia kichwani
mbele ya yale maandishi meupe yanayopanda,
herufi za visanduku na viduara,
mamia, polepole, kwenye weusi.
Anaamini ni orodha ya waliokufa.
"Wenzetu," husema, "wanaandika wote."

Nani amwambie ni mafundi wa taa,
wapishi, madereva, washona nguo?
Lechipya alijaribu siku moja, akashindwa.
Sasa humsomea. Hubuni tu,
Kimu huyu, Paki yule, Li, tena Kimu,
na mama huitikia kila jina, "Mm."

Jumamosi betri ilikuwa inaishiwa,
kioo kinafifia, majina bado yanapanda.
Lechipya akasoma Kimu. Akasoma Paki.
Akanitazama mimi, kisha akatazama chini,
akasoma, "Chilewa, mtu wa gengi, Gulwe."

Mama akatua sinia.
"Rudia hilo," akasema.
"Umelisoma haraka."