Waliopungua Hawana Rangi

Saa tisa usiku upepo wa Menengai unapekua madirisha ya wodi,
nami napita na kipimajoto mfukoni:
kalamu ya buluu kwa walio sawa,
nyekundu kwa waliozidi.
Kwa waliopungua hatukupewa rangi.

Kitanda cha sita, Mukhwana, fundi viatu wa Bondeni:
thelathini na tisa nukta nane.
Jasho linamtiririka, anagombana na mteja asiyekuwapo
juu ya soli ya mguu wa kushoto.
Kitanda cha saba, Tapkigen, muuza karoti wa Elburgon:
thelathini na tano nukta nne.
Kimya. Kiganja chake kama kijiko kilicholala nje.

Ugonjwa ni mmoja, damu imeingiwa na sumu.
Dawa ni moja, hata chupa zimetoka katoni moja.
Zamani ningemhofia anayewaka.
Miaka kumi na tisa ya zamu imenifunza
kuvuta kiti karibu na anayepoa.

"Moto huu huchochewa na nani?" nilimuuliza Daktari Ogweno,
yule kijana anayekula mandazi huku akisoma.
Akapangusa sukari kidoleni, akaligonga tumbo lake:
"Humu, sista. Wamo wengi kuliko watu wa dunia.
Panya waliolelewa bila hata kijidudu kimoja
miili yao huwa na ubaridi kidogo.
Na kwa wagonjwa kama hawa, homa hupanda au hushuka
pengine kwa kadiri ya waliomo.
Pengine," akarudia, maana ni mkweli.

Tangu hapo siwezi kupita tumbo la mtu
bila kubisha hodi moyoni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa walishika jembe siku ya kwanza,
tulipopita njia ya mama wakadandia bila nauli.
Nyuzi za sukuma wiki, makapi ya mahindi,
tumbo lisichoweza kukivunja wanakivunja wao,
na katika kuvunja pana joto,
kama mvuke ulio chini ya Menengai
ambao wengi hatukuujua mpaka mtu alipotoboa.
Wahenga walituonya kikulacho ki nguoni mwako.
Kikuoteshacho moto hawakusema kiko wapi.

Binti ya Tapkigen ananinong'oneza kama anayeungama:
kwa kila kikohozi, mama alinunua vidonge vya rangi mbili
dukani, kati ya kiberiti na chumvi,
vitatu vitatu, bila cheti,
akameza mpaka kifua kikanyamaza.
Simhukumu. Nami nimewahi kumeza hivyo hivyo.
Ila nauona mtaa usiku, taa zimekatwa nyumba hadi nyumba,
majiko yamepoa,
mwizi anaruka ua na hakuna hata mbwa wa kubweka.

Amekuja na chupa ya uji wa wimbi, umechachuka siku mbili.
"Anaweza kuonja?"
Bado, nasema. Uweke hapo, karibu na kichwa.
Uchachu wake unapanda, unakaa kati yetu kama mtu wa nne.

Saa kumi na moja. Thelathini na tano nukta saba.
Huenda ni blanketi la pili. Huenda ni dawa.
Huenda mahali fulani gizani
mmoja wa waliosalia ameokota kijinga, anakipuliza.
Naandika nukta saba kwa penseli,
na nyuma yangu Mukhwana anauliza, kwa hasira,
kiatu kile nani atakilipia.