Maiti wa Sura ya Tatu

Umeme umekatika tena Arua
na Inspekta Onzima amebaki mguu mmoja hewani,
akiruka ukuta wa ghala la tumbaku
tangu saa tatu usiku.
Vumilia, afande, namwambia gizani.
Kompyuta ikizimika, wote tunaning'inia.

Asubuhi nachapa maneno ya watu, mia tano kwa ukurasa:
risala ya harusi, ombi la kazi ya ulinzi,
wosia wa babu mwenye ng'ombe wanne na wake watatu.
Hesabu ile, kila nikiigawa, inazaa mauaji.
Naiandika pembeni, nyuma ya risiti.

Mchana napita kwa Ezama wa duka la dawa.
Sumu gani humaliza mtu polepole, bila povu?
Zamani alikuwa akishtuka.
Siku hizi anaendelea kupima dawa ya kikohozi ya mtoto wa mtu,
anauliza tu: "Tajiri au maskini?"
Tajiri.
"Basi tia kwenye maziwa.
Maskini angeuliza kwanza yametoka wapi."

Mzee Gadalla, mchapishaji wangu kule Oli,
huipima riwaya kwa kiganja kama mchuuzi wa sabuni.
Kurasa tisini na sita, basi; ndivyo karatasi inavyokunjika.
Jalada la njano, bastola, mwanamke anakimbia.
Lakini hamna bastola humu, mzee.
"Iongeze."
Nikaiongeza. Ililia mara moja, ikampata mbuzi,
na hadi leo wasomaji wananiuliza mbuzi alikuwa wa nani.

Mwalimu Afeku yeye huniuliza
lini nitaandika kitabu cha maana.
Mkewe huniambia anavyolala na vyangu,
kavifunika gazeti.

Na sokoni, kwenye meza ya samaki wakavu,
Candiru hanisalimii.
"Uliniua," anasema. "Sura ya tatu.
Kandambili nyekundu ni zangu, kovu la kidevu ni langu.
Wateja wananipa pole, halafu wanaomba kupunguziwa bei.
Nifufue."
Haiwezekani, umezikwa ukurasa wa arobaini,
padri alikuwepo, mvua ilinyesha.
Anamfukuza nzi. Anafikiri.
"Basi nilikuwa na pacha."
Ninapakua kalamu palepale, kati ya magunia.
Ananifungia samaki watatu, hataki hela.

Mama aliniita Draru. Kifo kimo ndani ya jina;
alikuwa ameshazika wawili kabla yangu.
Aliyebaki naye, kaka yangu Edemaga,
alitoka jioni moja kununua betri za redio.
Kituoni waliniambia faili halionekani,
rudi Jumatatu.
Jumatatu ni nyingi.
Niliacha kuzihesabu nilipoanza kuandika, au
nilianza kuandika nilipoacha kuzihesabu,
sikumbuki kipi kilitangulia.
Vitabuni mwangu faili huonekana,
ukurasa wa themanini, chini ya gunia la karanga,
limeliwa na panya pembeni tu, majina yote yanasomeka.
Watu hudhani uongo wangu ni ile bastola.

Saa nane usiku friji ya jirani inakohoa.
Taa.
Nakula enya iliyopoa, mkono mmoja,
na kwa mkono wa pili namshusha Onzima:
anatua, suruali inachanika, anatukana kwa Kilugbara,
anamulika tochi nyuma ya marobota ya tumbaku.

Pale kwenye kigoda ameketi mwanamke,
kandambili nyekundu, kovu kidevuni,
anawapanga samaki wake kwa ukubwa.
Hanyanyui kichwa.
"Mmechelewa," anasema,
na mimi sijui bado atasema nini baada ya hapo,
lakini nasogeza kiti.