Ini Halishiki Uzi

Mawe ya Mwanza hayana gundi.
Yamepandana pale Igogo, jiwe juu ya jiwe,
na chini yake nyumba, na ndani ya nyumba watu wanapika.
Sisi tumezoea. Mgeni ndiye hutazama juu.

Jumanne moja likateleza, si kubwa, kiasi cha gunia la mkaa,
likamkuta Nyanzobe Lugembe amechutama na nyundo yake
anamalizia debe la tatu la kokoto.
Halikumchubua hata ngozi.
Aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Sijaumia,"
akaketi tena. Kisha midomo ikawa ya majivu.

Saa tano usiku tumbo lake li wazi chini ya taa,
nami nashika mrija wa kufyonzea damu,
unakoroma kama mtoto mwenye mafua.
Asiyeliona hudhani ini ni nyama.
Ini ni uji mzito uliovaa ngozi.
Daktari Rwegoshora anapitisha uzi, uzi unakata,
anapitisha tena,
unakata.
Nahesabu shashi kwa sauti: kumi na tisa, ishirini,
na mtungi unajaa.

"Lile boksi," akasema, bila kuinua macho.
Lilikuwa moja tangu Pasaka, chini kabisa ya friza,
limeganda kama minofu ya sangara inayosubiri ndege.
Nilizipasha zile bomba viganjani,
nikazisemesha Kisukuma, sijui kwa nini.

Bomba mbili, mdomo mmoja.
Kila moja peke yake ni majimaji tu.
Yakikutana nchani, yanashikana.
Akapaka juu ya ufa, akaweka shashi, akakandamiza.
"Dakika tatu. Asiongee mtu."

Baba yangu alikalafati mitumbwi Mwaloni, kwa pamba na mafuta.
Kabla ya kugusa patasi alilaza shavu ubaoni,
akasikiliza maji yanaingilia wapi.
Dakika zile tatu nami nilisikiliza hivyo hivyo.
Mrija ukakoroma, ukakohoa,
ukavuta hewa.

Nikivua glavu, vidole viwili vilikuwa vimegandana.
Karatasi ya boksi inasema gundi hii imetokana na damu ya watu.
Watu gani? Walinyoosha mkono mahali fulani,
wakapewa biskuti, wakarudi kazini.

Koridoni mwanawe, Shija, aliniuliza, "Mmemshona?"
Nikamwambia hapana, hakushoneka.
Sikujua niendelee vipi.

Siku ya tatu Nyanzobe akafumbua macho.
Akauliza nyundo yake iko kwa nani.