Gari ya Boflo

Alfajiri haina ubishi.
Funguo mara moja, krr, imewaka,
na boflo mia mbili nyuma yangu
zinapumulia vioo joto la tanuri.

Wete mpaka Mzambarauni, hakuna neno.
Ni pale kilimani Finya, injini ikishapata moto,
ndipo inaponyamaza.
Haikohoi. Haiagi.
Usukani unageuka jiwe mikononi,
na taa zote za dashibodi zinawaka pamoja
kama madirisha ya mtaa uliosikia mwizi.

Ukiwasha: che-che-che-che, mbio za bure.
Ukae nusu saa, ule boflo yako mwenyewe kwa hasira,
ujaribu tena: krr.
Kana kwamba wewe ndiye uliyeota.

Bi Time wa chapati alinipa jibu bila kuulizwa:
pale pana wenyewe, nawe hupigi hodi.
Nikafukiza ubani chini ya boneti.
Ikazima ikinukia.

Fundi Asaa wa Kipangani hakuamini wenyewe.
Aliamini kubadilisha.
Plagi nne. Koili. Betri.
Pampu ya mafuta, ya mtumba, laki na nusu,
ilivuka kutoka Unguja imeviringishwa kanga.
Kila alichokitoa kilikuwa kizima.
Vimo uvunguni mwangu hadi leo, ndani ya boksi la hamira,
mahabusu wasiosomewa shitaka.

Na Ngwali.

Ngwali wa kupakia, mwenye dumu la manjano
lisiloondoka miguuni pake.
Siku ilipozima mara tatu nilitazama geji,
nikamtazama yeye, nikalitazama dumu,
nikatema neno lisilorudi kinywani:
Unaninyonyea petroli.
Hakujibu. Aliliweka dumu barabarani, polepole,
kama kitu cha mwenyewe,
akashika njia ya kwao Tumbe
na unga mweupe mgongoni.

Tangu siku hiyo nusu saa ikawa saa nzima.
Nilifungua lile dumu wiki ya pili.
Nikanusa.
Maji.

Aliyemaliza kesi ni Mize, binti wa Asaa,
katoka chuo cha amali Vitongoji na kijimashine cha kusomea.
Hakufungua kitu. Aliiacha gari ingurume mpaka ichemke,
mpaka izime yenyewe, hapo akaingia chini,
akatoka na kitu kama kidole gumba, cheusi, kina waya.
“Sensa ya krenki,” akasema.
“Hii ndiyo inayouambia ubongo krenki imefika wapi.
Ikipata moto inapoteza sauti.
Mafuta yapo, cheche ipo,
ila hakuna wa kusema: sasa.”
Akaimwagia maji kikombe kimoja.
“Ikipoa, inasema tena. Hukuwahi kuona mtu akifanya hivi?”

Sikuwahi.
Boneti ilikuwa juu, nami nilikuwa ndani, natafuna.

Elfu thelathini na tano. Basi.
Nikapanda Finya bila kupumzika,
nikapita Konde, nikakata kuelekea Tumbe,
na injini haikutetereka hata mara moja.
Mbele ya mlango wao nilizima mimi.
Ulimi mkavu, kifua che-che-che,
kila neno lipo na hakuna linaloshika.

Alitoka yeye, kikoi na fulana,
asiniangalie. Alisikiliza gari.
“Umebadilisha sensa.”
“Ndiyo.”
“Nilikwambia, ami. Mfunguo Pili.
Ukasema mimi nishike mikate.”

Nikamnyooshea dumu.
Nilikuwa nimelijaza; sijui kwa nini nilikuwa nimelijaza.
Akaweka kiganja juu ya boneti,
vile mtu anavyopima homa ya mtoto,
akakiacha pale muda mrefu.
“Boflo zinapoa,” akasema,
akafungua mlango wa nyuma kuzihesabu.

Kama ule ulikuwa msamaha au kazi tu,
sikuuliza.
Niliwasha.