Kupiga Randa

Eleuterio Chiguay aliniletea kurasa kumi na moja
zilizoandikwa kwa penseli ya seremala,
zimefungwa kwa uzi wa kushonea nyavu,
akasema: Yasna, ziweke huko wanakosoma watu siku hizi.
Nje, juu ya Ancud, mvua ilikuwa na siku ya sita.

Zilihusu vigae. Vigae vya mbao:
namna ya kupasua gogo la alerse kwa kufuata nyuzi zake,
namna ya kuvipanga, kila kimoja kikilalia mgongo wa mwenzake
hadi nyumba iote magamba.
Lakini zilianza na salamu. Salamu kwa gavana,
salamu kwa padri aliyekwishahamishwa,
salamu kwa binamu watatu wa Punta Arenas, mmoja marehemu.

Kizuri chajiuza, hunena wasiowahi kuuza kitu.
Mimi nimeuza: magodoro, bima, dawa ya mba,
miaka minne ofisini Puerto Montt nikitunga vichwa vya habari.
Najua msomaji ana subira ya nzi dirishani.
Nikachukua randa.

Nikanyoa salamu. Nikanyoa "kama nilivyokwisha kusema"
mara kumi na tisa. Aya ndefu kama mkunga
nikaikata vipande vitano, nikaacha weupe katikati
ili jicho lipumue. Sentensi iliyojificha ukurasa wa tisa,
"Mti huu ulizeeka kabla kisiwa hakijapewa jina,"
nikaishika mkono, nikaileta mlangoni.
Hadi hapo nilitenda haki. Nitaapa hivyo hata mbele yake.

Kisha mkono ukazoea.
Randa ikishaonja mbao haijui kusema basi.
Nikapachika kichwa: Siri Tisa za Nyumba Isiyovuja.
(Siri zilikuwa nne. Tano nilizizaa mwenyewe, saa saba usiku.)
Nikaweka picha ya kibanda cha Norwe,
kwa kuwa chake kina bati upande mmoja.
Na pale aliposema Edelmira alimshikia ngazi
miaka thelathini, na sasa ngazi anaifunga kwa kamba,
nikafuta. Hayakuhusu vigae.

Wakaja. Elfu tatu kwa siku mbili.
Mashine ikanionyesha walivyokaa: sekunde nane,
sekunde sita, sekunde kumi na moja, wakaenda.

Nikampelekea hesabu hiyo, nusu najivuna.
Alikuwa jikoni, anamenya viazi vya zambarau.
Akasoma, kidole chini ya kila mstari,
midomo ikitembea. Akafika mwisho haraka mno.
"Ukuta mzuri," akasema. "Mvua ikipiga hapa inateleza tu.
Ndiyo kazi ya ukuta."
Akarudia viazi vyake.
"Mimi nilidhani unatengeneza mlango."

Nikarudisha ngazi. Nikarudisha kamba, na Edelmira.
Siri zangu tano nikazizika bila matanga.
Salamu sikuzirudisha; hilo tuligombana hadi Alhamisi,
tukapatana kwa binamu mmoja, yule marehemu.
Kichwa akakitaja yeye, amenipa mgongo, anachochea jiko:
Aliyenishikia Ngazi.
Nikamwambia hakuna atakayejua kuwa ni habari ya vigae.
"Watajua wakipanda."

Juma zima, watu kumi na wanne.
Walikaa dakika ishirini, wengine zaidi;
mmoja, wa Talcahuano, aliandika kuuliza
kama kamba inatosha upepo wa kaskazini ukija.
Eleuterio alilisoma swali hilo mara mbili,
akatoka kwenda kuitazama kamba, akarudi ameloa.

"Kumi na wanne," akasema, anajifuta uso,
na nikamwona anahesabu viti:
vitano, na benchi,
na sanduku la kuni, likitandikwa kitu juu yake.