Kupima Barafu

Kila alfajiri Maurenti hushuka Danubi
na mpini wa mkuki, aupime ukoko wa mto.
Juzi ulizama hadi kiganjani.
Jana, shubiri tu.

Ngomeni wamebaki arobaini na mmoja,
ukimhesabu Kotta, asiyeona usiku,
na mwokaji, anayeapa kwa lugha ya ng'ambo
kwa kuwa hajui nyingine ya kuapia.
Mshahara wa mwisho uliletwa na kijana
ambaye sasa ana mvi.

Kutoka Ravena imekuja barua moja:
wanauliza idadi ya viatu.
Akaandika: viatu vipo, miguu ndiyo haba.
Kisha akakwangua, maana mafunjo ni ghali,
akaandika idadi.

Ng'ambo mioto imeongezeka. Si ya askari tu:
kuna watoto wanakohoa, kuna ng'ombe,
kuna mwanamke anamwita mwanawe kwa jina
lile lile mama yake Maurenti alilomwitia
kabla jeshi halijampa hili la Kirumi.

Leo amegonga barafu.
Imeitika kama mlango.
Amesimama, mpini mkononi,
kama mgeni aliyebisha hodi
akasahau nyumba ni ya nani.